MEZA YA NYUMBANI: Kuonja Bia Nyeusi na Kusema Kweli

Wahenga walisema kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ni ya kweli, lakini iko kazi moja ambayo haikuitaja. Kabla kibaya hakijatembezwa, sharti apatikane mtu mwenye ujasiri wa kusema kwamba ni kibaya. Kazi hiyo ni ngumu, hasa pale mwenye chombo anapokuwa jirani yako, amekuandalia kiti, naye anakutazama usoni huku kikombe kingali mdomoni pako.

Jumamosi moja ya mwezi uliopita nilijikuta katika hali hiyo hapa Mulago. Jirani yetu mmoja, kijana aliyefanya kazi miaka mitano ng'ambo katika kiwanda kidogo cha bia, amerudi nyumbani na maarifa yake. Alikodi chumba cha nyuma kwenye mteremko unaoelekea soko la Kalerwe, akanunua masufuria makubwa na mapipa mawili ya chuma kisichoshika kutu, kisha akaanza kutengeneza bia nyeusi ya aina iitwayo porter, yenye hopsi nyingi. Nusu ya fedha ilikuwa akiba yake. Nusu ya pili alikopa katika chama cha akiba na mikopo, na dhamana ni kipande cha shamba la mama yake. Alikuwa bado anashughulikia kibali cha kuuza na alama ya ubora ya Shirika la Viwango la Uganda, kwa hiyo hakuwa ameuza hata chupa moja. Lakini mwenye hoteli mmoja alikuwa amekubali kuionja siku ya Jumatatu, na kama ingempendeza, angekuwa mteja wa kwanza mara kibali kitakapopatikana.

Ndipo kijana akatuita majirani wanne tuionje kwanza: dereva mmoja mstaafu, mwenzangu wa nyumbani ambaye ni muuguzi, mama mzee wa Kiteso apikaye malwa, na mimi. Mimi nilialikwa kwa sababu moja tu. Nilisomea ualimu kabla ya kuingia katika ofisi ya serikali, na kijana aliamini kwamba mtu aliyezoea kusahihisha madaftari hawezi kushindwa kuipa bia alama zinazoistahili. Nitaeleza baadaye jinsi nilivyoshindwa. Kwanza yafaa tuijue bia yenyewe.

BIA YA MAHAMALI

Porter kwa Kiingereza ni mpagazi, au kama wasemavyo watu wa Pwani, hamali. Mwanzoni mwa karne ya 18 mji wa London ulikuwa na maelfu ya watu waliopata riziki yao kwa kubeba mizigo kutoka kwenye vyombo vya mto Thames na kuipeleka madukani na sokoni. Watu hao walihitaji kinywaji cha bei nafuu, chenye nguvu, kisichoharibika upesi. Bia ya rangi ya kahawia iliyotengenezwa mjini humo iliwafaa, hata ikapewa jina lao. Msomaji akishuka Kalerwe alfajiri, malori ya ndizi yanapofika, atawaona mahamali wa leo na mikokoteni yao. Na Waganda humwita mtu huyo omupakasi, neno ambalo ni mpagazi yule yule wa Kiswahili aliyebadilisha mavazi.

Wenye viwanda wa London waliitengeneza bia hiyo kwa wingi mno na kuilaza katika mapipa makubwa kama nyumba. Tarehe 17 Oktoba, 1814, pipa moja la kiwanda cha Meux, karibu na barabara ya Tottenham Court, lilipasuka. Mafuriko ya porter yakabomoa kuta za nyumba za maskini zilizokuwa nyuma ya kiwanda na kuua watu wanane, wote wanawake na watoto. Huko Dublin, Arthur Guinness, ambaye alianza kazi katika kiwanda chake mwaka 1759, aliacha kutengeneza bia za aina nyingine mwaka 1799 akashika porter peke yake. Porter iliyokuwa nzito zaidi iliitwa stout porter, na kadiri miaka ilivyopita neno la pili lilidondoka. Hivyo ile Guinness nyeusi tunayoiona katika vilabu vya Kampala ni mjukuu wa bia ya mahamali.

Porter yenyewe ilififia katika karne ya 20, watu walipopenda zaidi bia nyeupe. Ilifufuliwa na viwanda vidogo. Kwa mfano, kiwanda cha Anchor cha mjini San Francisco kilianza kuitengeneza mwaka 1972. Wamarekani waliongeza hopsi kuliko walivyozoea Waingereza, na hiyo ndiyo njia aliyoifuata jirani yetu.

WEUSI HUTOKA MOTONI

Watu wengi hudhani kwamba bia nyeusi ina kileo kingi kuliko bia nyeupe. Sivyo. Rangi ni kazi ya moto. Kileo ni kazi ya sukari na hamira. Bia nyeusi yaweza kuwa na kileo kidogo kuliko bia nyeupe iliyo jirani yake kabatini.

Bia huanza na kimea, yaani nafaka iliyolowekwa, ikaachwa iote, kisha ikakaushwa. Kwa bia ya kizungu nafaka hiyo aghalabu ni shayiri, ambayo hapa Uganda hulimwa katika miteremko ya mlima Elgon, upande wa Kapchorwa. Kimea kikikaushwa kwa moto mdogo huwa cheupe. Kikikaangwa huwa na rangi ya kahawia, na kikizidishiwa moto huwa cheusi kama buni iliyoiva chunguni. Mwaka 1817 Mwingereza aitwaye Daniel Wheeler alipata hataza ya chombo cha duara cha kukaangia kimea pasipo kukiunguza kuwa majivu. Tangu hapo mpika bia aliweza kutumia kimea cheupe kwa sehemu kubwa, akakitia weusi kwa konzi chache tu za kimea kilichokaangwa.

Hapa ndipo yule mama wa malwa alipotuzidi sote. Sisi majirani humwita Toto, yaani mama kwa Kiteso, na Kiswahili alikizoea katika kambi alizokaa na marehemu mumewe aliyekuwa askari. Kijana alipokuwa akieleza habari za kimea chake cheusi, Toto alitikisa kichwa kama mtu asikiaye habari za nyumbani kwao. Maana malwa nayo huanza hivyo hivyo. Unga wa ulezi huloweshwa maji kidogo, hufunikwa siku kadhaa mpaka uchachuke, kisha hukaangwa juu ya karai pana kwenye moto wa kuni, huku ukigeuzwa bila kupumzika mpaka uwe wa rangi ya kahawia na kunukia. Halafu huanikwa juani. Siku ya kupika huchanganywa na maji na kimea cha ulezi, huachwa siku chache, na hatimaye hutiwa chunguni pamoja na maji ya moto, na wanywaji huizunguka na mirija yao mirefu. Wapishi wa tonto pia hawakosi mkaango: maji ya ndizi mbidde yaliyokamuliwa kwa nyasi hutiwa mtama uliokaangwa na kusagwa, kisha huachwa katika mtumbwi wa mti yaive. Kwa hiyo mtu wa Uganda asiambiwe kwamba ladha ya nafaka iliyokaangwa ni kitu kigeni kilicholetwa na meli.

Kigeni ni hopsi. Huu ni mmea utambaao juu ya nguzo, nao huzaa maua ya kijani kibichi yenye umbo la mbegu za msonobari. Ndani ya maua hayo mna unga wa manjano wenye utomvu mchungu na mafuta yanukiayo. Hopsi zikichemshwa muda mrefu pamoja na maji matamu ya kimea hutoa uchungu. Zikitiwa mwishoni, moto unapozimwa, au zikilowekwa katika bia iliyokwisha kupoa, hutoa manukato. Tena huizuia bia isichachuke upesi, na hii ndiyo sababu ya kwanza iliyozifanya zithaminiwe. Hopsi hupenda nchi ambazo mchana wa kiangazi ni mrefu sana. Hapa kwetu karibu na Ikweta, ambako usiku na mchana hulingana karibu mwaka mzima, hazisitawi vizuri, na ndiyo maana viwanda vyetu huziagiza kutoka ng'ambo. Kila konzi ya hopsi aliyoitia kijana yule katika sufuria ilikuwa imelipiwa kwa fedha za kigeni.

NAMNA YA KUONJA

Kuonja si kunywa. Mnywaji hutaka kufurahi. Mwonjaji hutaka kujua. Atakaye kuonja asile pilipili kabla, asivute sigara, wala asijipake manukato. Glasi iwe safi, isiyo na mafuta wala harufu ya sabuni, nayo isijazwe. Theluthi moja yatosha, ili harufu ipate nafasi.

Katika vilabu vyetu mhudumu huuliza, "Baridi au ya moto?" na "ya moto" maana yake ni bia ambayo haikutiwa katika friji. Kwa bia nyeusi jibu zuri liko katikati. Bia itokayo barafuni huficha tabia yake, nzuri na mbaya pia. Porter huonjwa vyema ikiwa na baridi ya nyuzi 10 hadi 13, yaani baada ya kuitoa katika friji na kuiacha mezani dakika 20 hivi.

Anza kwa pua. Nusa mara mbili fupi, pumzika, kisha nusa tena. Katika porter njema utapata kahawa, chokoleti, ukoko wa sufuria ya wali, au sukari guru. Kama ina hopsi za Kimarekani, utapata na ganda la balungi au utomvu wa msonobari. Kisha inua glasi uitazame mbele ya dirisha. Porter haipaswi kuwa nyeusi kama masizi. Ukingoni yapendeza ioneshe wekundu kama wa maji ya ukwaju. Povu liwe la rangi ya kahawia hafifu, nalo likae.

Halafu onja. Acha bia ipite ulimi wote, kisha uimeze, kwa kuwa uchungu hujitokeza zaidi baada ya kumeza. Jiulize maswali matatu. Utamu wa kimea u wapi? Uchungu umeingia lini, na umekaa muda gani? Je, kinywa kimebaki safi, au kimebaki na ukakasi kama chai iliyosahauliwa jikoni? Baina ya kikombe na kikombe kunywa maji, na ule kipande cha mkate mtupu.

Wamarekani wana chama cha kuwathibitisha waamuzi wa bia, kilichoanzishwa mwaka 1985, nacho hutumia karatasi ya alama 50. Harufu hupewa alama 12, sura 3, ladha 20, uzito wa bia mdomoni 5, na hukumu ya jumla 10. Mwalimu yeyote ataona busara ya mgawanyo huo. Sura, ambayo ndiyo humdanganya mnunuzi, imepewa alama chache kuliko zote.

KUSHINDWA KWANGU

Kijana alizifungua chupa mbele yetu kwa heshima kubwa, akamimina. Povu lilisimama vizuri. Niliinua kikombe changu na kunusa. Kahawa ilikuwapo, ukoko ulikuwapo, na balungi lilikuwa juu yao likipunga mkono. Lakini nyuma ya hayo yote palikuwa na kitu kingine, harufu nyembamba, kali, ambayo niliitambua mara moja ila sikuamini. Ilikuwa harufu ya plasta ya kidonda. Ilikuwa harufu ya hospitali.

Msomaji akumbuke mahali tunapokaa. Hospitali Kuu ya Mulago iko juu yetu. Jengo lake kubwa lililofunguliwa mwaka 1962 ndilo tulionalo tukifungua dirisha asubuhi. Mwenzangu alikuwa ametoka zamu saa moja tu kabla, na aliketi bega kwa bega nami. Nikajiambia kwamba harufu ile imo katika nguo zetu na pua zetu, wala haimo katika kikombe. Nikamtazama mwenzangu, alikuwa akinywa kwa utulivu, kwani mtu aishiye na harufu mwaka mzima haisikii tena. Nikamtazama dereva mstaafu, alisema, "Nzuri sana, kijana, hongera." Kisha nikamtazama mwenye bia, nikalikumbuka shamba la mama yake. Nikachukua kalamu, nikaandika 38 juu ya 50.

Nataka niseme wazi ni kosa gani nililolifanya, kwa kuwa hulitenda wengi wetu. Sikusema uongo kwa kutaka kumdhuru. Nilisema uongo kwa kumhurumia, na nilipata kisingizio kizuri, yaani shaka. Mwalimu aliyeona kosa katika daftari la mtoto, akalipa alama ya vema kwa sababu mtoto ni yatima, amemwongezea uyatima.

Toto alikuwa hajasema neno. Alionja mara moja, akaiweka glasi chini, akaisogeza mbali naye kidogo. Kisha akaiomba chupa tupu, akainusa mdomoni.

"Mwanangu," akasema, "wewe unaujua moto. Umekaanga vizuri, wala hukuunguza. Lakini pombe hii inanukia wodi. Chupa hizi umezioshea nini?"

Kijana akajibu kwa sauti ndogo, "Dawa ya klorini, Toto, ile ya kung'arisha nguo nyeupe. Nilizinunua zikiwa zimetumika, nikaogopa uchafu."

"Ukazisuuza mara ngapi?"

"Mara moja. Maji siku ile yalikuwa haba bombani."

"Na ile iliyobaki pipani, imepita katika chupa?"

"Haijapita."

"Basi tuletee."

VIKOMBE VITATU

Hapa elimu ya darasani ilinisaidia kidogo, maana nilikumbuka jaribio moja litumiwalo na waonjaji wa chai, kahawa na bia. Huandaliwa vikombe vitatu visivyotambulika. Viwili hutiwa kinywaji cha namna moja, na cha tatu hutiwa cha namna nyingine. Mwonjaji haulizwi kipi ni kizuri. Huulizwa tu kipi si ndugu wa wenzake. Mtu wa kubahatisha hupata mara moja katika tatu. Kijana akaenda nyuma ya pazia akavipanga vikombe, na sisi tukaonja mmoja mmoja bila kusemezana, kila mtu akiandika jibu lake.

Wote wanne tulikitaja kwa usahihi kikombe kile kilichokuwa tofauti. Kwa bahati tupu jambo hilo hutokea mara moja katika 81. Hata mwenzangu, aliyekuwa amekunywa ya kwanza bila kushtuka, alipoziweka mbili karibu karibu alicheka kwa mshangao akasema kwamba moja ni ya kahawa na nyingine ni ya chumba cha kufungia vidonda. Basi harufu haikuwa katika nguo zake. Ilikuwa katika chupa.

Sababu yake yajulikana. Klorini ikikutana na vitu viitwavyo fenoli, vilivyomo katika nafaka na hopsi, au vinavyotengenezwa wakati wa kuchachuka, huzaa klorofenoli. Pua ya mwanadamu huinusa klorofenoli hata ikiwa sehemu chache tu katika sehemu bilioni moja za kinywaji. Ikishaingia haitoki, hata bia ikilazwa mwaka. Wala haifichwi na weusi wa kimea au ukali wa hopsi. Kijana alidhani kwamba hopsi zitaifunika, kumbe alikuwa ameitandikia zulia.

Niliichana karatasi yangu mbele ya watu nikaandika nyingine mbili. Bia ya chupani niliipa 19. Bia ya pipani niliipa 36, na nikamweleza kwa nini haikufika 40. Kimea kilichokaangwa kina uchungu wake, na hopsi zina uchungu wao. Vikikutana vyote viwili vikiwa na nguvu, hugombana mwishoni na kuacha ukakasi. Ni heri apunguze hopsi zile zinazochemshwa tangu mwanzo, na ahifadhi zile za mwishoni zenye kunukia balungi. Toto aliongeza la kwake. Alisema kwamba pombe ya mkaango hutaka utamu kidogo wa kuifuta machozi.

Kijana hakutujibu upesi. Zilikuwapo kreti nne, chupa mia moja. Alizihesabu kwa macho, akatoka nje akaketi juu ya jiwe. Toto akamfuata, akaketi kando yake bila kusema kitu. Walipoingia tena alianza kuzifungua moja moja na kuzimwaga katika mfereji wa uani, na sisi tukamsaidia. Mtaa mzima ulinukia kahawa hadi jioni. Jumatatu alimpelekea mwenye hoteli jagi la bia ya pipani tu. Hakupata mkataba siku ile. Aliambiwa alete mpiko wa pili. Lakini aliambiwa alete, na huo ni mlango ambao zile chupa mia zingeufunga kwa kishindo.

MAMBO YA KUKUMBUKA NYUMBANI

Huenda msomaji akauliza, "Mimi sinywi pombe, haya yananihusu nini?" Dini au afya ikiwa imekukataza, safu hii haikuiti uanze. Lakini maji na vyombo ni vya kila nyumba. Maji ya bomba ya Kampala hutoka ziwa Viktoria, nayo hutiwa klorini ili kutukinga na magonjwa kama kipindupindu. Hilo ni jema, wala mtu asilikimbie. Lakini klorini iliyozidi huharibu chai, maji ya matunda na hata uji. Maji ukiyachemsha bila kifuniko, au ukiyaacha usiku mzima katika chombo safi kipana kilichofunikwa kitambaa chepesi, sehemu kubwa ya klorini hutoka. Toto hulaza maji yake mtungini tangu usichana wake, kwa kuwa mama yake alimwambia kwamba maji yaliyotoka safarini yapumzishwe. Kama ipo klorini ya namna isiyotoka kwa kulazwa, chujio la makaa maalumu husaidia.

Chupa na mitungi ikioshwa kwa dawa ya klorini, isuuzwe mara tatu kwa maji mengi, mara ya mwisho kwa maji yaliyochemshwa, kisha ipinduliwe ikauke. Njia iliyo salama zaidi ni maji ya moto na jua. Wala mtu asichanganye dawa hiyo na siki, ndimu au dawa nyingine ya kusafishia, maana mvuke wake ni sumu.

Kwa wale wanywao, hesabu ni hii. Chupa ya nusu lita ya porter yenye kileo asilimia 5.5 ina gramu 22 hivi za kileo halisi. Ini la mtu mzima huondoa takriban gramu 7 hadi 10 kwa saa. Chupa moja basi ni kazi ya saa mbili hadi tatu, wala kahawa au maji ya kuoga hayaliharakishi ini. Dereva asinywe. Mama mja mzito asionje hata tone, na mtoto asitumwe kununua. Mwenzangu ameniomba niongeze kwamba wodi za wagonjwa wa ini hazina mzaha.

Waliokula nyama choma, samaki wa kukaanga wa ziwani, au hata kipande cha keki ya kakao, wataona kwamba porter hukaa vizuri pamoja navyo, kwa kuwa mkaango hupatana na mkaango. Pilipili kali haipendezi nayo. Huuongeza uchungu wa hopsi.

Niliporudi nyumbani usiku ule nilikumbuka methali nyingine, ambayo watu wa Mulago wanaijua kuliko wengine: mficha maradhi, kifo humuumbua. Wagonjwa wangapi hupanda kilima hiki wakiwa wamechelewa, kwa sababu jirani aliyeona dalili aliona haya kusema? Kijana yule alikuwa na watu watatu waliompenda na kumnyamazia, na mmoja aliyempenda akamwambia. Shamba la mama yake limebaki na nafasi ya kuokoka kwa sababu ya huyo mmoja.

Mpiko wa pili umekwisha kuchacha. Chupa zake zimechemshwa, nasi tumealikwa tena Jumamosi ijayo. Safari hii nimeomba niketi mbali na mwenzangu, na karatasi yangu niijaze kabla sijamtazama mtu usoni.